Filamu ya Kwaya na Binamu Niliowatunga

Marehemu alipiga chafya, na kosa lilikuwa langu.

Ilikuwa Louisville, kwenye ukumbi uliojaa watu wa Kigoma, Bujumbura na Uvira, na mimi nilikuwa natafsiri filamu ya vita. Askari jasiri amelazwa ndani ya jeneza, mama yake anamlilia, nami nimeibana maikrofoni mdomoni nikilia kwa sauti ya kike. Mafua yakanizidi. Chafya ikatoka, ikapita kwenye spika zote mbili, na mtoto mmoja wa mstari wa mbele akarukia juu ya kiti: "Hajafa! Hajafa!" Ukumbi mzima ukashangilia. Tangu hapo hakuna aliyekubali kwamba yule askari amezikwa. Filamu iliisha watu bado wanamsubiri atoke.

Kwa hiyo, wanangu mnaoniuliza kila siku kazi hii inaanzia wapi, inaanzia kwenye leso. Ishike mkononi, usiiweke mfukoni. Na maikrofoni ikae shibiri moja kutoka kwenye midomo, hata ukijisikia mzima kama chuma.

Kwa wasionifahamu: mimi ni Baba Salma, mzaliwa wa Kigoma, mkazi wa Columbus, Marekani. Jumatatu hadi Ijumaa niliendesha foklifti ghalani kama wenzangu wengi. Lakini Jumamosi mchana nilikuwa mtafsiri wa filamu. Nilikaa kwenye stuli pembeni ya skrini, filamu ikiongea lugha yake, nami nikiwasemea watu wote waliomo: mzee, mtoto, polisi, mgonjwa, hata mbwa ikibidi. Wiki hii nilikuwa hapa Columbus, ya pili nikaenda Louisville, na mara moja moja nilipanda hadi Buffalo, mwendo wa saa tano kwa gari, zaidi kukiwa na theluji.

Kazi yenyewe nilifundishwa Kigoma na Mzee Shomari, aliyekuwa na kibanda cha video na sauti kama ya ng'ombe dume. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba filamu hutazamwa mara tatu kabla hujaitafsiri. Mara ya kwanza itazame kama mtu mwingine yeyote. Mara ya pili zima sauti, uangalie nyuso tu. Mara ya tatu geuka, ipe mgongo, sikiliza tu huku unamenya viazi. Mimi nilimwona mzee mwenye mbwembwe, mpaka nilipojaribu mwenyewe nikagundua kwamba kwa masikio peke yake unamjua mwongo mapema zaidi. Alinifundisha pia kutowaita watu wa filamu majina yao ya kigeni, maana watazamaji hawayashiki. Wape majina ya wanachoonekana nacho. Mwenye kipara ni Kipara. Mwenye miwani ni Miwani. Hakuna atakayekuuliza tena huyu ni nani.

Kifaransa nilikipata Bujumbura, nilikouza vitenge miaka sita. Kilikuwa Kifaransa cha sokoni, lakini kilitosha. Na hicho Kifaransa ndicho kilichonipeleka kwenye aibu ninayotaka kuwasimulia, ambayo leo nikiikumbuka nacheka peke yangu jikoni.

Kulikuwa na filamu moja ya vichekesho ya Ufaransa. Waume watatu wa mji mdogo, marafiki, kila mmoja ana mke nyumbani na mwanamke mwingine pembeni. Ili wapate kutoka, wamewaambia wake zao kwamba wamejiunga na kwaya, na kila Alhamisi wanakwenda mazoezini. Hakuna kwaya. Hakuna hata mmoja anayejua kuimba. Lakini wake zao wanajivunia sana, wanawatangaza mji mzima, mpaka meya anasikia na kuwaomba hao wanakwaya waje kuimba kwenye sikukuu ya mji. Sasa wana wiki tatu za kujifunza kuimba kweli. Alhamisi zote zinakwenda kwenye noti za muziki, wale wanawake wa pembeni wanaachwa wakae peke yao, wanakasirika, na hapo mambo yanaanza kufumuka.

Niliipenda filamu ile tangu dakika ya kwanza. Hakuna mtu anayevuliwa nguo, hakuna matusi, watu wanakimbizana na kujificha kabatini tu. Lakini nilijiuliza: nitawaambia nini watu wangu? Ukumbini wanakaa bibi na wajukuu, mashehe na mapasta. Nikajiona mwerevu. Nikaamua kwamba wale wanawake wa pembeni, wote watatu, watakuwa binamu.

Columbus ilipita salama. Hapo waliokuwepo wengi walikuwa Watanzania na Wakenya, Kifaransa hawakijui. Kipara akimbusu yule mwanamke mlangoni, mimi nasema: "Ee binamu, siku nyingi!" Miwani akimnunulia hereni, ni zawadi ya binamu aliyefaulu mtihani. Mke wa Kipara akivunja sahani jikoni, nikamsemesha kwamba anakasirika kwa nini binamu hakualikwa chakula. Watu walicheka, ingawa mama mmoja wa Mombasa alinifuata baadaye, akaniambia, "Mzee, hao wazungu wana matatizo. Sahani sita kwa sababu ya binamu?" Nikamjibu kwamba Ulaya udugu ni kitu kikubwa sana.

Louisville nako wakacheka, hata waliojua Kifaransa, nami nikadhani wanafurahia. Nikazidi kujiamini.

Kisha Buffalo wakaniita. Kikundi cha kina mama wa kanisa moja la Wakongo, upande wa mashariki wa mji, kilitaka kufanya sherehe yake ya mwaka. Ukumbi ulikuwa wa kanisa, nao waliutumia kila Jumamosi kwa ushonaji na madarasa ya Kiingereza, kwa ruhusa ya Pasta Elia. Pasta alinipigia simu mwenyewe.

"Papa Salma, hiyo filme inahusu nini? Mimi sitaki ukumbi uingie mambo mabaya. Ikiingia, nitaufunga, na hao mamas watakosa mahali."

"Ni filamu ya kwaya, Pasta," nikamwambia.

"Kwaya! Bon. Basi nitaleta kwaya yetu wote waione."

Nilipaswa kusema kitu hapo. Sikusema. Nilicheka na kumshukuru.

Safari hiyo mke wangu, Mama Salma, aliamua kuja nami. Alikuwa na mapumziko kwenye kazi yake ya kuhudumia wazee, na alitaka kuyaona maporomoko ya Niagara. Katika miaka yote ya kazi yangu alikuwa hajawahi kukaa ukumbini hata mara moja. Alinijua kama mtu anayetoka Jumamosi na koti, kurudi na koo lililokauka.

Tulipofika, nje theluji ilikuwa imefika magotini, na ndani kulikuwa na joto la kutoa jasho. Harufu ya sambusa na samaki wa kukaanga ilijaa. Na mstari wa mbele, wanangu, ilikaa kwaya nzima ya kanisa, wanaume kwa wanawake, wamevaa sare zao za bluu, wamenyooka kama siku ya Krismasi. Katikati yao Pasta Elia.

Nikaanza. Kipara, Miwani na mwenzao Masharubu wakawaaga wake zao wakaenda "mazoezini". Kwaya ya mbele ikapiga makofi. Akatokea mwanamke wa kwanza. "Ee binamu, siku nyingi!" nikasema. Nikasikia mtu akiguna nyuma. Akatokea wa pili, naye binamu. Nyuma wakaguna wengi. Nilifikiri ni baridi imewaletea vikohozi.

Hili mliweke kichwani: watu wa Kivu, huko Kongo, wamesomeshwa kwa Kifaransa tangu darasa la kwanza. Nililijua hilo kama ninavyojua jina langu, na bado sikulifikiria hata kidogo. Nilikuwa nimelewa sifa za Columbus.

Ikafika pale mke wa Kipara anapopata ufunguo wa nyumba nyingine ndani ya koti la mumewe. Anamwonyesha. Anauliza swali fupi, kwa sauti ya chini. Nami nikasema kwenye maikrofoni, kwa huruma zote: "Mume wangu, binamu yako anaumwa tangu lini?"

"Simamisha!"

Aliyesimama alikuwa mama mmoja mnene mwenye kitenge cha njano, Mama Furaha. Siku za kazi alikuwa akimtunza bibi mmoja wa Kizungu huko Kenmore, pembeni ya Buffalo, lakini Uvira alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka kumi na miwili, na alisimama kama yuko mbele ya ubao.

"Donc, Papa Salma, simamisha hiyo filme. Ule mama hakuuliza habari ya mugonjwa. Ameuliza bwana yake, tangu lini unalala na ule mwanamuke. Siye tunasikia Kifaransa hapa!"

Nikabonyeza, filamu ikasimama. Mke wa Kipara akabaki kwenye skrini na ufunguo wake mkononi. Nyuma wanawake wakalipuka kwa kicheko na makelele. "Binamu! Binamu gani? Ile njo deuxième bureau!" Hivyo ndivyo Wakongo wanavyomwita hawara, ofisi ya pili, na kila aliyelisikia neno lile alilielewa.

"Mama," nikasema, "nilikuwa nalinda heshima. Kuna watoto."

"Watoto wako chumba kile wanacheza. Na heshima ya nani?" Akakaribia. Sasa hakuwa anacheka. "Ukiwaficha hawa wanaume, ule mama anabaki mwenda wazimu. Analia bure, anapasua sahani bure. Mwanamuke ana akili, ameona ufunguo, ameelewa yote. Wewe umemutoa akili yake ili bwana yake abaki mzuri. Hata hawa wa filme hawadanganyi kama wewe."

Nilitamani stuli inimeze. Sikuweza kumtazama mke wangu, aliyekuwa amekaa karibu na meza ya sambusa. Wote tulikuwa tunamtazama Pasta Elia. Kina mama wale walijua, na mimi nilijua, kwamba neno lake moja lingewatoa kwenye ukumbi ule na kuwarudisha kukutana kwenye sebule za watu.

Pasta alivua miwani, akaifuta kwa sare ya mwanakwaya aliyekaa karibu, akaivaa tena.

"Papa Salma, uliniambia ni filme ya kwaya."

"Ni ya kwaya, Pasta."

"Mm. Na hawa waume wamewaambia wake zao hivyo hivyo."

Jamani, kicheko cha wanawake kilitikisa madirisha. Pasta akainua mkono.

"Mama Furaha. Filme inaishaje? Hawa waume wanapata dawa yao?"

"Sijui, Pasta. Papa Salma hakutufikisha."

Wote wakanigeukia. "Wanapata," nikasema. "Wanapata hasa."

"Basi rudisha mwanzo," akasema Pasta. "Na mara hii useme kweli."

Nikarudisha mwanzo. Lakini Mama Furaha hakurudi kwenye kiti chake. Aliburuta kiti cha kukunja hadi pembeni ya stuli yangu, akaitwaa maikrofoni ya akiba, akasema, "Wewe sema wanaume, unawajua. Mimi nitasema wanawake."

Wanangu, miaka yote nilikuwa nasema wanawake kwa kubana pua. Nilidhani ndiyo sauti ya mwanamke. Mama Furaha hakubana kitu. Alipofika kwenye lile swali la ufunguo, aliliuliza taratibu, bila kulia, kama mtu anayeuliza saa ngapi. Nami nilikuwa ndiye mume wa kujibu. Nilijikuta nagugumiza kweli. Watu walidhani naigiza.

Mwisho wa filamu ile ni hivi. Wake wamegundua yote, na badala ya kupigana na wale wanawake wengine, wamewatafuta, wamekaa nao wakanywa kahawa. Siku ya sikukuu pazia linafunguliwa, waume watatu wako jukwaani na suti nyeusi, na mstari wa mbele wanawaona wake zao na wale wengine, wote sita, wamekaa pamoja. Waume wanafungua karatasi za wimbo. Wake wamezibadilisha. Maneno yaliyoandikwa ni Alhamisi zao zote, moja baada ya nyingine, nani alikuwa wapi, na nani. Meya anasubiri. Mji mzima unasubiri. Wanaimba.

Sikuwa nimewahi kuutafsiri wimbo ule. Columbus na Louisville niliacha muziki upite tu, nikasema ni wimbo wa mavuno. Buffalo ilibidi niuimbe, kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, sauti imenikauka, na mstari wa tatu kwaya ya kanisa ikanihurumia ikaanza kuitikia. Besi, teno, zote. Pasta Elia alicheka mpaka akajiinamia magotini. Wapo wanaume watatu au wanne waliochelewa kidogo kucheka, wakatazama wake zao kwanza, kisha wakacheka kuliko wote. Sikuwauliza. Baadaye nilisikia kwamba mtaa ule ulipata desturi mpya: mume akiaga kwamba anakwenda mazoezini, anaambiwa kwanza aimbe mlangoni. Mwenye sauti mbaya alikuwa na kazi ya kujieleza.

Ukumbi haukufungwa. Kina mama waliendelea kushona. Pasta alinishika mkono nilipokuwa nafunga nyaya, akasema nirudi, ila simu ijayo atazungumza na Mama Furaha, si mimi.

Asubuhi yake tulikwenda Niagara. Mama Salma aliyatazama maji muda mrefu. Tukaingia garini, tukashika njia ya nyumbani. Tulikuwa tumeshapita mji wa Erie alipofungua mdomo.

"Baba Salma. Una binamu wangapi Louisville?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Miaka kumi na moja unatoka kila Jumamosi," akasema. "Sijawahi kukuuliza. Si kwamba sikuwa na swali. Jana nilipomsikia yule mama akiuliza habari ya ufunguo, nikajiona ni mimi. Kwa hiyo nauliza."

Niliweka gari pembeni, kwenye kituo cha kupumzikia. Nilitaka kusema kitu kizuri kama vile watu wa filamu wanavyosema, maana ndiyo kazi yangu, lakini sikukipata. Nikamwambia ukweli ulivyo.

"Hakuna, Mama Salma. Hakuna hata mmoja. Kuna viti vya kukunja, na mimi nasema peke yangu mpaka koo linauma, halafu narudi."

"Mbona hujawahi kuniambia nije?"

Nadhani niliona aibu anisikie nikibana pua. Nikamwambia hivyo. Alinitazama, kisha kicheko kikaanza tumboni kwake, kikapanda, mpaka akashika dashibodi. "Ilikuwa mbaya sana," akasema akifuta machozi. "Ile ya kabla ya Mama Furaha. Wallahi ulisikika kama mbuzi."

"Njoo useme wewe basi."

"Nitakuja," akasema. "Kwanza nije nivione hivyo viti."

Akaja Louisville Jumamosi iliyofuata, akaviona viti, na baada ya hapo wanawake wa filamu akawasemea yeye. Mama Furaha hakuweza kusafiri mbali, bibi yake wa Kenmore alimhitaji, lakini alikuwa anampigia mke wangu simu katikati ya wiki, wanaitazama filamu kila mtu kwake, anamfafanulia Kifaransa neno kwa neno. Wakati mwingine nilikuta wanabishana saa nzima kuhusu neno moja, kama mwanamke akisema hivi anamaanisha amechoka au amekasirika. Mimi neno hilo ningelimaliza kwa sekunde mbili, na ningekosea.

Leo mna programu za kompyuta zinazotafsiri zenyewe, na sauti mnachagua kama mnavyochagua viatu. Mzitumie, sina ugomvi nazo. Mimi mwenyewe nimetoka kwenye kaseti nikaenda kwenye diski, nikaenda kwenye kompyuta, na kila mara kuna aliyeniambia kwamba kazi imekufa. Nawaomba jambo moja tu: ikifika pale panapouma, msikimbilie binamu. Na kama filamu ina wanawake, tafuteni mwanamke aseme.

Nilistaafu kwa sababu ya koo. Daktari aliniambia nipumzishe sauti, nikamwahidi, nikaenda kufanya onyesho la mwisho Louisville. Watu walichagua wenyewe filamu, wakataka ileile ya kwaya. Nusu ya kwanza nilijikaza. Ilipofika jukwaani, waume wamefungua karatasi, nikavuta pumzi niimbe, na hakikutoka kitu. Hewa tupu. Nikajaribu tena. Hewa.

Mama Salma hakunitazama hata. Alisogeza maikrofoni yake na kuendelea na Kipara kama alikuwa Kipara tangu mwanzo. Kisha Miwani. Kisha Masharubu, kwa sauti nene iliyomtoka sijui wapi. Aliwaimba wote watatu na meya juu yake, na aliwajua, wanangu, aliwajua waume wale kuliko nilivyowajua mimi. Kila kigugumizi kilikuwa mahali pake.

Nikashuka kwenye stuli taratibu. Mstari wa nne kulikuwa na kiti wazi, karibu na bibi mmoja mwenye shali ya kijani, nisiyemjua. Nikakaa. Sikuwa nimewahi kuitazama skrini kutoka pale. Mtafsiri hapati nafasi ya kucheka, anawahi sentensi inayofuata, na filamu ile nilikuwa nimeitafsiri mara nyingi bila kuicheka kwa raha hata mara moja. Kipara akatamka Alhamisi yake ya kwanza kwa sauti ya mke wangu, na kitu kikanipasuka kifuani. Nilicheka bila sauti, mabega yanaruka, kiti kinagonga sakafu.

Bibi wa shali akanipiga kiwiko.

"Tulia, baba," akasema. "Tumsikie mama."

Nikatulia.